Kiti Kilichokataliwa Mara Mbili

Marlys Tollefsrud alikikataa kiti alichokuwa akikitamani kwa miaka miwili, tena alikikataa huku akitabasamu na kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa Februari mwaka 1992, na wenzake walikuwa bado nje kwenye theluji wakichomeka nyaya za kupashia moto injini za magari zisigande. Ndani walikuwa wawili tu, yeye na Vince Paccione, mkuu wa waandishi.

"Curt anaondoka mwisho wa mwezi, anahamia California," alisema Vince. "Nataka kiti chake cha uandishi ukikalie wewe."

Moyo wa Marlys uliruka. Mdomo wake ukafanya mambo yake wenyewe. "Mimi? Aa, hapana bwana. Wapo wengi wanaofaa kuliko mimi."

"Sikuuliza habari za wengi. Wiki ile ulipolala na homa, Roald akachapa badala yako, tulitoa kipindi kikavu kama mkate wa juzi. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani jibu nimelipata. Una hakika hukitaki?"

"Mbona niko sawa tu pale kwenye kompyuta," alisema Marlys, akainamisha macho, akangoja.

Vince alichukua kikombe chake cha kahawa. "Haya, nimekuelewa. Asante kwa kuniambia ukweli." Akaenda zake.

Marlys alibaki ameshika kitambaa. Alingoja arudi. Alisikia mlango wa ofisi ya Vince ukifungwa, akasikia redio yake ikiwashwa, na bado akangoja.

Sasa, mtu wa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ukimkaribisha keki atakwambia ameshiba. Ukimkaribisha tena atasema kipande hicho wapewe watoto. Ya tatu ndiyo anasogeza sahani na kusema, "Basi, kidogo tu," na hicho kidogo watu wawili wangekigawana wakashiba. Ndivyo walivyolelewa, na hakuna anayefundishwa kwa maneno, kama vile hakuna anayefundishwa kupiga chafya. Ukiuliza mara mbili ukaishia hapo, hujamkaribisha mtu. Umepiga hodi ukakimbia. Lakini Vince alikuwa amefika Septemba akitokea New Jersey, ambako hapana ni hapana, na kukatana kauli ni sehemu ya salamu. Aliuliza, akajibiwa, akaamini alichojibiwa. Masikini, hata kosa lake alikuwa halijui.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika bohari moja viungani mwa Minneapolis, kati ya muuza mazulia na fundi wa magari, ilitengenezwa komedi ya runinga iliyoitwa *Safu ya Mwisho*. Mlinzi wa jumba la sinema lililofungwa alikaa safu ya nyuma na vikaragosi wake wawili, ufagio na mashine ya bisi, wakatazama filamu mbovu kupita zote duniani na kuzirushia vijembe mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Majirani wengi hawakuwahi kukisikia kipindi hicho. Ila wale waliokipenda walikipenda kama wazimu: walikirekodi, wakatumiana kanda kwa posta, na Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya Novemba, walikitazama tangu asubuhi huku bata mzinga akiungua jikoni.

Ili kupata vijembe mia saba vya filamu moja, watu sita walikaa kwenye makochi mabovu mbele ya runinga, Vince akashika rimoti. Filamu ikaenda kidogo, ikasimamishwa. Kila mtu akatupa kijembe chake, ikarudishwa nyuma, ikaenda tena. Filamu ya saa moja na nusu iliwala siku nne. Marlys alikaa pembeni kwenye kompyuta akichapa kila neno lililorushwa, liwe la maana au la kipuuzi. Jioni alisoma yote kwa sauti, wakachagua. Na chumba kile kilikuwa na sheria moja, nzee kuliko makochi yenyewe: kijembe hakina baba. Kikishatamkwa ni cha wote, na anayesema "kile kilikuwa changu" hununiwa mpaka Jumatatu.

Kwa sheria hiyo Marlys alipenyeza vyake. Alianza na kimoja, kwa woga, majira ya baridi ya mwaka juzi. Jioni alikisoma kwa sauti ile ile ya karani, wakacheka, kila mmoja akidhani kimetoka kwa mwenzake. Tangu hapo alikuwa akipenyeza vitano, kumi, ishirini. Mwezi uliopita ilikuja barua ya wanafunzi wa chuo kimoja huko Iowa, ikiwa na shati walilolichora kijembe kimoja. Ilikuwa filamu ya zimwi la bwawani: mwanamke amesimama anapiga ukelele dakika nzima, zimwi linajikokota kumfuata, na ufagio unasema, "Dada, una muda. Nenda kaoge, urudi uendelee." Roald aliinua lile shati juu, akauliza ni nani aliyekisema. Wote wakainua mabega. Marlys naye akainua yake, masikio yakimwaka moto, na furaha ile ilimuuma kama jino.

Kwa hiyo hakuwa akitaka sifa. Alitaka kukaa kwenye kochi na kukisema kitu kwa mdomo wake, watu wakisikie kikitoka kwake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alijua kiti kama kile hakitafunguka tena kwa miaka mingi.

Saa ya chakula aliingia kwenye kibanda cha simu akampigia mama yake, Ardis, aliyekuwa akiishi kaskazini karibu na mpaka wa Kanada.

"Amekuuliza mara ngapi?" mama yake alidakia.

"Mbili."

"Basi atarudi. Tulia, mwanangu. Usijionyeshe."

Marlys alijaribu kutulia. Aliosha vikombe safi. Alipanga kanda kwa herufi, akazipanga kwa rangi, akazirudisha kwa herufi. Miguu yake chini ya meza ilikuwa ikicheza ngoma yake yenyewe, na kila Vince alipoinuka, hata kama anakwenda msalani, yeye alikaa wima na kulamba midomo.

Jumanne Vince hakuuliza. Marlys alikuwa amekuja na bakuli kubwa la nyama ya kusaga lililopangwa viazi vya kukaanga juu yake, chakula ambacho watu wa kwao huamini kinaweza kusema jambo lolote, pole, hongera au samahani. Aliliweka mbele ya Vince kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kitamu hiki!" alisema Vince, amejaza mdomo. "Unasherehekea nini?"

"Hakuna. Nilikuwa nawaza mambo tu." Aligeuka kukitazama kiti cha Curt, kochi moja la mtu mmoja lenye mto wa kijani. "Kinaonekana kizuri, eti? Kile. Kina mto."

Vince alikitazama. "Unautaka ule mto? Chukua."

"Aa, hapana, siwezi."

"Sawa," alisema Vince, akaongeza chakula.

Marlys alitoka nje bila koti akasimama kwenye theluji mpaka pua ikafa ganzi. Alimkasirikia Vince, akajikasirikia mwenyewe, akaukasirikia na mto.

Jumatano alimbana Curt Lindahl kwenye chumba cha vikaragosi, ufagio ukiwa umelala kati yao. Curt alizaliwa umbali wa maili kumi tu kutoka pale, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Aliuliza mbili akaishia hapo?" Curt alishika kichwa. "Jamani! Huyu mtu kalelewa na nani?"

"Si ungemdokeza?"

"Ningemdokeza, lakini asije akadhani namsukuma. Mimi mwenyewe naondoka, nikianza kupangia watu nitaonekanaje? Mwambie wewe."

"Mimi? Na mimi nitaonekanaje?"

Walitazamana kwa huruma kubwa, wakatikisa vichwa, kila mmoja akarudi kazini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Marlys lilikuwa limeanza kuuma kwelikweli. Usafi wa chumba ulikuwa umefikia kiwango ambacho muuza mazulia wa jirani aliingia akauliza kama wanahama.

Alhamisi, kabla ya chakula, Vince alipiga makofi mawili. "Nimepata mtu wa kiti cha Curt. Yuko Chicago, anachekesha jukwaani, kijana mzuri. Kesho asubuhi nazungumza naye tumalize."

Chumba kizima kilimgeukia Marlys. Basi Curt alikuwa amewaambia wote. Kwa Vince tu ndiko alikoona haya. Roald, pande la mtu aliyeutilia sauti ule ufagio, alikohoa, akasema hali ya hewa itabadilika wikiendi hii.

Marlys alikimbilia simu. Alikosea namba mara mbili.

"Mama, hakurudi. Kaita mtu wa Chicago."

Kwenye simu Marlys aliisikia saa ya jikoni kwao, ile yenye picha ya jogoo, ikigonga.

"Mwaka hamsini na tatu," alisema Ardis hatimaye, "nilikuwa msichana, baba yako sijamjua. Walikuja watu wawili wa redio kanisani kwetu, wakanisikia naimba. Wakaniuliza kama nitakubali kuimba kwao kila Jumamosi. Nikawaambia wapo wenye sauti kuliko yangu. Wakaniuliza tena pale mlangoni, wameshavaa makoti. Nikasema sitaki kumsumbua mtu anipeleke mjini. Jumamosi nikavaa gauni langu la bluu, nikakaa jikoni dirishani."

"Kwa nini?"

"Nilidhani gari lao litakuja."

"Ulikaa mpaka lini?"

"Mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Nikaenda kukamua na gauni langu. Jumamosi iliyofuata nikalivaa tena."

Marlys aliegemeza kipaji cha uso kwenye ukuta wa kibanda. Miaka yote hiyo alimjua mama yake kama mwanamke anayeimba akiwa peke yake tu, na anayenyamaza mtu akiingia. "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia nini? Na juzi hapa nimekwambia utulie. Mimi, wa kumwambia mtu atulie!" Sauti ya Ardis ilipasuka, akaikusanya. "Nenda kaombe, mwanangu. Useme nataka. Aibu utaiona, lakini uione ukiwa umeshasema. Hii yangu ya kutosema ina miaka karibu arobaini na haijapoa."

Akakata simu pale pale, yeye ambaye kuaga kwake huchukua nusu saa.

Ijumaa Marlys alifika wa kwanza na maneno yake tayari. Alikuwa ameyasema njia nzima, peke yake ndani ya gari, madirisha yakijaa mvuke wa pumzi yake. Lakini gari la Vince nalo lilikuwa limefika, na Vince alikuwa kwenye simu, mlango wazi. Marlys alisimama kwenye korido. Alimsikia akicheka, akasikia, "Basi tumeelewana. Jumatatu, saa tatu. Karibu sana." Kisha simu ikawekwa. Maji yameshamwagika, alijiambia, hayazoleki. Akajikuta anaona nafuu, nafuu chafu ya mtu aliyesamehewa kupigana kwa sababu adui kaondoka, na alipoitambua nafuu hiyo alijichukia kuliko alivyopata kumchukia mtu.

Watu walikaa. Filamu ya siku hiyo ilihusu wageni kutoka sayari nyingine, ila nusu saa ilikuwa imepita na hakuna mgeni aliyeonekana. Mwanamume mwenye kofia alikuwa akiendesha gari. Barabara, kofia, barabara, miti, kofia. Vince aliisimamisha.

"Tukifika mnishtue," alisema Roald.

"Hata yeye anatafuta filamu nyingine," alisema Curt.

Walicheka. Kisha wakasikia kitu ambacho hawakuwahi kukisikia chumbani mle: kompyuta haigongwi.

"Marlys, umezipata hizo?" aliuliza Vince.

"Hapana."

"Kuna nini, imeharibika?"

"Haijaharibika." Mikono yake alikuwa ameikalia. "Nakitaka kiti cha Curt."

Mtu mmoja alitazama viatu vyake kwa makini kama vina maandishi.

Vince aliweka rimoti chini taratibu. "Marlys, nilikuuliza. Hapa hapa. Ukakataa."

"Nilikataa mara mbili."

"Ndiyo! Mara mbili! Sikutaka kukusumbua."

"Ulitakiwa uulize tena," alisema Roald kwa upole, akiwa anauambia ukuta.

"Tena kwa nini? Ameshakataa!"

"Mara mbili siyo kukataa," alisema Curt. "Ni adabu."

Vince aliwazungukia mmoja mmoja, na kila aliyefikiwa na macho yake aliitikia kwa kichwa, kwa haya, kama watu waliojua nyumba inavuja wakamwacha mgeni alale chini ya tundu. "Mlijua? Nyote mlijua? Wiki nzima? Mbona hakuna aliyenifungulia mdomo?"

"Hatukutaka kuingilia," alisema Roald.

"Mungu wangu." Vince alijifuta uso kwa viganja. Alipomgeukia Marlys hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, kilikuwa huruma. "Marlys, nimeshampa neno langu. Asubuhi hii. Anaacha kazi yake kwa ajili yetu. Siwezi kumpigia mtu wa watu nikamwambia nilikosea."

"Najua, nilikusikia."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Hapo ndipo adabu za Marlys wa zamani zilipomjia zote mara moja. Alikuwa na sentensi kumi za kumtoa pale, zote safi, zote za kwao: si kitu, usijali, nilikuwa nasema tu, tuendelee na filamu. Alizihisi zikipanga foleni kooni. Alimwona mwanamke mwenye gauni la bluu, amekaa dirishani.

"Usimpigie," alisema. "Mwache aje. Kiti cha Curt akichukue na mto wake. Mimi nakaa hapa." Aliinuka, akakishika kiti chake cha magurudumu kile cha kuchapia, akakisukuma. Magurudumu yalipiga kelele sakafuni, njia nzima, na njia ile haikuwa fupi. Akakiingiza kati ya kochi la Roald na la Curt, akakaa. "Tutakuwa saba."

"Na kuchapa achape nani?"

"Kwa zamu. Kila mtu saa moja. Hata yule wa Chicago, au hana mikono?"

Curt aliguna kicheko, akakimeza. Vince hakucheka. Aliitazama kompyuta iliyobaki peke yake pale pembeni, kisha akamtazama Marlys kwa muda mrefu, na Marlys hakuinamisha macho, ingawa yalimwasha. Aliona aibu nyingi, mbichi, kama alivyoahidiwa.

"Mimi nachapa kwa vidole viwili," alisema Vince mwishowe.

"Tutakungoja."

Vince alimpa Roald rimoti. Akavuta ndoo ya kuhifadhia nyaya, akaipindua, akaikalia mbele ya kompyuta, akapandisha mikono ya shati. "Haya. Twende."

Roald alibonyeza. Barabara, miti, kofia. Gari likasimama mbele ya nyumba moja, mlango ukafunguka, akatoka mzee mwenye ndevu na suruali iliyopandishwa mpaka kifuani. Roald akaisimamisha. Wote wakangoja, na Marlys alielewa kwamba wanamngojea yeye. Miaka miwili vijembe vyake vilikuwa vikisomwa jioni, vilivyopwaya vikifa bila mtu kujua ni vya nani. Sasa kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Akafungua mdomo, kikatoka cha kwanza kilichokuwepo.

"Huyo ni mjomba wangu Palmer kabisa."

Hakuna aliyecheka.

"Nani?" aliuliza Roald.

"Palmer. Mjomba wangu."

"Ahaa," alisema Curt, kwa adabu.

Masikio ya Marlys yaliwaka mpaka shingoni. Kule pembeni Vince alikuwa ameinua vidole vyake viwili juu ya kompyuta, akageuza kichwa.

"Hiyo niiandike?"

"Iandike," alisema Marlys.